Chupa za cheri chini ya sakafu

Majira ya kuchipua ya mwaka 2024, wanaakiolojia walikuwa wamepiga magoti ndani ya ghala la chini ya nyumba ya Mount Vernon, makazi ya George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, jimboni Virginia, wakifukua udongo kwa mwiko na brashi. Hawakuja kutafuta hazina. Walikuwa wakiwatangulia mafundi, kwa sababu ghala lile lilikuwa linatengenezwa upya na udongo wake ungevurugwa.

Wakakuta mashimo yaliyochimbwa kuhifadhia chakula, na ndani yake chupa 35 za kioo. Chupa 29 zilikuwa nzima. Nyingi zilijaa cheri na matunda mengine madogo, yenye umri wa karibu miaka 250, mengine yakiwa bado na vikonyo na kokwa zake.

Habari ilizunguka dunia kwa siku mbili tatu, kisha watu wakaendelea na mambo yao. Mimi nilibaki na swali moja wiki nyingi.

Mwanamke aliyeiokoa nyumba ile aliacha agizo kwamba isiguswe. Na chupa zile zimepatikana kwa sababu iliguswa.

## Usiku mtoni

Nyumba ya George Washington iko juu ya kilima kando ya mto Potomac. Mwaka 1853, Louisa Bird Cunningham, mama wa familia ya mashamba makubwa ya South Carolina, alipita hapo kwa meli usiku wa mbalamwezi. Kengele ya meli ikalia, kama ilivyokuwa desturi ya meli zote zilizopita mbele ya kaburi la Washington. Akatoka kutazama. Alichokiona ni nyumba iliyochakaa, rangi imebanduka na uwanja umeota magugu.

Akamwandikia binti yake, Ann Pamela: ikiwa wanaume wa nchi hii wameshindwa kuitunza nyumba hii, kwa nini wanawake wasijaribu?

Binti alikuwa na miaka 37 na afya mbovu tangu alipoanguka kutoka juu ya farasi akiwa msichana. Desemba mwaka huohuo alichapisha waraka gazetini huko Charleston akiwaita wanawake wa majimbo ya Kusini. Hakuweka jina lake. Kwa mwanamke wa tabaka lake, jina kutokea gazetini lilikuwa jambo la aibu, hivyo akasaini kama mama wa Kusini tu.

Nyumba wakati huo ilikuwa mikononi mwa John Augustine Washington III, kitukuu wa ndugu yake Washington. Alikwisha kuitolea serikali ya shirikisho na jimbo la Virginia wainunue. Hakuna aliyetoa pesa. Shamba halikulipa, na wageni walimiminika kila mwaka wakikanyaga bustani na kubandua vipande vya nyumba wakaweke ukumbusho.

## Ahadi si taslimu

Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi anajua tofauti ya ahadi na taslimu. Cunningham alilazimika kuijua kwa kiwango cha nchi nzima.

Muundo wa chama alichokiunda, Mount Vernon Ladies' Association, ni wa kusomwa na kila anayetaka kuchangisha. Juu kabisa yeye, kwa cheo cha Regent, yaani mkuu wa chama. Chini yake mwanamke mmoja kwa kila jimbo, Vice Regent, mwenye jina kubwa na daftari la watu anaowajua. Chini yao mameneja wa miji na wilaya, waliogonga milango. Kiwango cha mchango kilikuwa dola moja kwa mtu. Kidogo kiasi kwamba mfua nguo angeweza kuwa mwanachama, na kikubwa kiasi kwamba watu laki moja wangekuwa mtaji.

Udhaifu wa muundo huo ndio udhaifu wa kila harambee: una kasi pale tu palipo na mtu mwenye kasi. Jimbo lenye Vice Regent mvivu lilileta barua za pongezi.

Kilichoziba pengo ni mdomo wa mtu mmoja. Edward Everett, msemaji mashuhuri aliyewahi kuwa gavana wa Massachusetts, alizunguka nchi akitoa hotuba ileile kuhusu Washington zaidi ya mara mia, akiacha mapato yote kwa chama. Peke yake alileta karibu dola 69,000. Gazeti moja la New York lililipa dola 10,000 ili aliandikie makala kila wiki kwa mwaka, nazo zikaingia kwenye mfuko huohuo. (Huyu ndiye aliyezungumza saa mbili kule Gettysburg mwaka 1863 kabla ya Rais Lincoln kusimama kwa dakika chache. Watu humcheka kwa hilo. Mount Vernon hawana sababu ya kumcheka.)

Bei ilikuwa dola 200,000 kwa nyumba, majengo ya nje, kaburi na ekari 200. Ilikuwa kubwa kupita thamani ya ardhi ile, na mwenye nyumba alijua. Mkataba ulisainiwa Aprili 1858 kwa arbuni ya dola 18,000. Zilizobaki zingelipwa kwa awamu, pamoja na riba.

Soma hesabu hiyo tena. Walijifunga kulipa dola 200,000 wakiwa na chini ya moja ya kumi.

Ningekuwa mweka hazina ningekataa. Na ningekuwa nimekosea, kwa sababu mkataba wenyewe ndio uliogeuza ahadi kuwa taslimu. Watu huchangia tarehe ya mwisho kuliko wanavyochangia wazo.

## Mpango wa kwanza ulikufa mapema

Huwa tunasimuliwa kana kwamba wanawake walitaka kununua nyumba, wakainunua. Sivyo. Mpango wa mwanzo ulikuwa wa wanawake wa Kusini peke yao, kukusanya pesa na kuzikabidhi kwa jimbo la Virginia, ambalo ndilo lingeshika hati.

Nguzo zote mbili za mpango huo zilianguka.

Kwanza, Kusini peke yake haikutosha, na wanawake wa Kaskazini walitaka kuingia. Kuwakubali kulimaanisha kuachana na waraka wa kwanza, ulioandikwa kwa majivuno ya Kusini, katika miaka ambayo nchi ilikuwa inapasuka kwa sababu ya utumwa. Cunningham aliukubali mgeuko huo, na bila huo pesa zisingefika.

Pili, mwenye nyumba hakutaka kuuzia chama cha wanawake. Alitaka jimbo liwe mnunuzi. Mwaka 1858 bunge la Virginia likakataa muswada wa kununua, na hapo ndipo alipokubali kuwauzia moja kwa moja. Ikabidi hati ya usajili wa chama, iliyotolewa na bunge hilohilo mwaka 1856, irekebishwe ili chama chenyewe kimiliki mali.

Hapo ndipo pa kutulia kidogo. Katika zama ambazo mwanamke aliyeolewa, kwa sheria za majimbo mengi, hakuweza kushika mali yake bila mumewe, chama cha wanawake kikawa mwenye hati ya nyumba maarufu kuliko zote nchini. Kilifika hapo kwa sababu wanaume wa bunge waliukataa muswada. Mount Vernon Ladies' Association ndiyo inayomiliki nyumba hiyo hadi leo, inaongozwa na wanawake, na haichukui pesa za kodi.

## Milingoti barazani

Walikabidhiwa nyumba tarehe 22 Februari 1860, siku ya kuzaliwa kwa Washington. Ndani kulikuwa kutupu, isipokuwa vitu vichache alivyowaachia muuzaji: sanamu ya udongo ya kichwa cha Washington iliyofinyangwa na mchongaji Mfaransa Houdon, tufe la dunia, na ufunguo wa gereza la Bastille la Paris uliotumwa na jenerali Mfaransa Lafayette.

Upande wa mtoni, baraza refu la nguzo lilikuwa limeshikiliwa na milingoti ya meli. Nguzo za mbao zilikuwa zimeoza, paa likawa linataka kushuka.

Na mfuko ulikuwa mtupu.

Huu ndio mtego wa kila kampeni ya kuokoa jengo, na sijaona aliyeukwepa kabisa. Pesa ya kununua ina hamu ndani yake: ina adui, ina tarehe, ina picha ya kabla na baada. Pesa ya mfereji wa paa haina hata wimbo. Mchangiaji aliyetoa dola yake mwaka 1858 aliamini ameokoa nyumba. Alichonunua ni haki ya kuanza kulipia matengenezo.

Mwaka uliofuata vita kati ya majimbo ya Kaskazini na ya Kusini vikaanza. Michango ikakatika na usafiri wa meli ukasumbuliwa. Regent akabaki South Carolina, upande wa pili wa mstari wa vita. Nyumba ikalindwa na katibu wake, Sarah Tracy, mwanamke wa New York, pamoja na Upton Herbert, mwanamume wa Virginia: mmoja wa Kaskazini, mmoja wa Kusini, wakiwaomba askari wa pande zote waache bunduki nje kabla ya kuingia. Aliyeuza nyumba, John Augustine Washington, aliuawa mwaka 1861 akiwa afisa wa jeshi la Kusini.

## "Mkono usio na heshima"

Mwaka 1874 Cunningham aliachia cheo chake. Katika maneno yake ya kuaga aliwaambia wenzake kwamba nyumba ya Washington iko mikononi mwao, wahakikishe inabaki kuwa nyumba ya Washington, na mkono usio na heshima usiibadilishe.

Maneno hayo husomwa kama wosia. Ukifuatilia yaliyofuata, unaona kwamba kila kizazi kiliuheshimu wosia kwa kufanya jambo ambalo kizazi kilichotangulia kingeliita uharibifu.

Kwanza samani. Vyumba viligawiwa kwa majimbo, kila Vice Regent akapamba chake. Ilikuwa mbinu nzuri ya kuchangisha, maana jimbo hutoa zaidi likiona jina lake mlangoni. Kama uhifadhi ilikuwa balaa. Vyumba vilijaa viti na makabati ya kale ambayo Washington hakuwahi kuyaona, na hakuna adabu ya kumrudishia mtu zawadi ya bibi yake. Ilichukua miongo kuvitoa taratibu, kwa kufuata orodha ya mali iliyoandikwa chumba kwa chumba baada ya kifo chake. Harrison Howard Dodge, msimamizi kuanzia 1885 hadi 1937, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kutafuta vitu halisi vilivyotawanyika kwa warithi na madalali.

Kisha umeme. Nyumba ya mbao kavu na taa za moto ni kitanda na kiberiti, na tayari jengo la kuhifadhia mimea lilikuwa limeungua mwaka 1835. Mwaka 1916 nyaya ziliingia, kazi ikihusishwa na Thomas Edison mwenyewe. Mwaka 1923 Henry Ford akatoa gari la zimamoto. Je, hayo si maendeleo? Ndiyo, na bila hayo leo tungekuwa tunasoma kuhusu jivu.

Kisha mwaka 1936 waliondoa uzio mdogo uliokuwa juu ya paa la baraza. Ulikuwa pale zaidi ya karne moja na umo katika picha za zamani ambazo kila mtu alizizoea. Lakini uliwekwa na Bushrod, mpwa wa Washington, baada ya Washington kufa. Kwa hiyo ukatoka.

## Siku gani?

Hapo ndipo shaka yangu ilipoanzia.

Anayesema "hifadhi nyumba kama ilivyokuwa" hajasema kitu mpaka ataje siku. Mount Vernon walichagua 1799, mwaka aliokufa mwenyewe. Lakini nyumba hii haikuwahi kutulia. Baba yake aliijenga ndogo miaka ya 1730. Mwenyewe akaipandisha ghorofa mwishoni mwa miaka ya 1750, kisha kuanzia 1774 akairefusha ncha zote mbili na kuongeza baraza na kuba dogo juu ya paa. Kuchagua 1799 ni kumpa mmoja haki ya kubadilisha na kuwanyima wote waliomfuata.

Tazama kuta za nje. Mtu akizitazama kwa mbali huapa ni mawe. Ni mbao za msonobari, zilizokatwa kingo kwa mteremko ili ziigize matofali makubwa ya mawe, zikapakwa rangi ya mafuta na kurushiwa mchanga rangi ikiwa bado mbichi. Washington aliandika kwamba mchanga ulikuwa na kazi mbili: kudumu, na kufanana na jiwe. Kwa fundi, siri iko kwenye muda na kwenye chekeche. Mchanga uwe mwembamba na mkavu. Ukirushwa rangi imeshaanza kukauka, haushiki. Usiposhika sawasawa, maji hupata njia, yakakaa nyuma ya ngozi ya rangi, na mbao huoza zikiwa zinapendeza kwa nje. Na rangi ya mafuta juani ina mwisho wake. Kwa hiyo ukuta huo "wa asili" lazima ufanywe upya tena na tena.

Ndani ni vilevile. Wageni waliozoea rangi za kufifia, zile ambazo macho yetu huziita za kale, walishtuka chumba kidogo cha kulia kilipopakwa kijani kikali cha kutu ya shaba. Vipande vidogo vya rangi vilivyotazamwa kwa hadubini, tabaka juu ya tabaka, ndivyo vilivyosema hivyo. Ule ufifio tuliouheshimu ulikuwa uchakavu tu.

Hata mandhari ikaingia kwenye hesabu. Mwaka 1955, iliposikika kwamba ng'ambo ya mto patajengwa matangi ya mafuta, Frances Payne Bolton, mbunge na Vice Regent wa Ohio, alinunua karibu ekari 500 upande wa pili ili barazani paendelee kuonekana miti. Hakuna orodha ya mali ya mwaka 1800 iliyoandika "mwonekano". Ila nyumba ile bila mto ule ni nyumba nyingine.

## Boriti inayolala juu ya msingi

Mwaka 2023 ulianza mradi mkubwa kuliko yote ya nyumba hiyo, wa takriban dola milioni 40: kiunzi, misingi, mifereji ya maji na mitambo ya hewa. Karibu vyote havionekani na mgeni.

Tatizo la nyumba ya mbao huanzia pale mbao inapokutana na tofali. Juu ya ukuta wa msingi hulala boriti nene, na nguzo zote za ukuta husimama juu yake. Tofali hunyonya unyevu kutoka ardhini kama utambi wa taa. Boriti hulowa kwa chini, mchwa hufuata unyevu, na kwa kuwa uso wake wa nje umepakwa rangi, huoni kitu. Dalili huja kutoka juu: mlango unaanza kukwama, ufa wa mshazari unatokea kwenye kona ya dirisha. Fundi mwepesi huranda mlango na kuziba ufa.

Tunaambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye nyumba kama hizi ufa huzibwa kila mara, na ndiyo maana ugonjwa wa chini haugunduliwi.

Kazi yenyewe, kwa kawaida, huenda hivi. Sakafu ya juu hutegemezwa kwa mihimili ya muda. Jeki huzungushwa kidogo kidogo na kuachwa, mzigo uzoee, maana ukiinua kwa pupa lipu ya karne ya 18 hupasuka ghorofani. Kipande kifupi cha boriti hukatwa, kipya huchomekwa na kukazwa kwa kabari, kisha ndipo unahamia kipande kinachofuata. Usikate viwili vilivyokaribiana kwa pamoja. Tofali hujengwa upya kwa chokaa, si saruji. Watu wa Lamu na Mji Mkongwe hawahitaji maelezo hapa: saruji ni ngumu kuliko tofali la kale, huufungia unyevu ndani, na chumvi ikitafuta njia hulibomoa tofali lenyewe.

Na wanajua pia kwamba mpangilio wa kazi si jambo dogo. Beit al-Ajaib iliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa kwenye matengenezo.

Baada ya boriti ndipo maji. Ghala lisipotolewa maji, boriti mpya itakuwa chakula cha mchwa wa kesho. Kutoa maji ni kuchimba. Na sheria ya kazi hizi ni kwamba mwanaakiolojia hutangulia mfereji.

Ndivyo walivyozifikia chupa.

## Ambao hawakuwa kwenye daftari

Waraka wa 1853 haukutaja watumwa. Usingeweza: aliyeuandika na wengi aliotaka wamsome waliishi kwa jasho lao. Mwaka 1799 Mount Vernon ilikuwa na watu 317 waliotumikishwa. Nyumba iliyookolewa kwa dola moja moja ilikuwa nyumba ya mtu mmoja.

Mpango huo nao ukabadilika, polepole kuliko yote. Mwaka 1929 liliwekwa jiwe kwenye makaburi ya watumwa. Mwaka 1983 ikajengwa kumbukumbu, iliyosanifiwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Howard. Tangu 2014 wanaakiolojia wamekuwa wakitafuta kila kaburi mahali pale, wakitoa udongo wa juu tu mpaka rangi ya ardhi iliyowahi kuchimbwa ionekane, bila kugusa mwili wowote. Ni miaka mingi tangu nione kazi ya uhifadhi iliyojua vizuri hivyo pa kuishia.

Chupa zile hazikujazwa na Washington. Matunda yalichumwa, yakachambuliwa, yakatiwa chupani na kuzikwa kwenye shimo lenye ubaridi na watu waliomilikiwa. Jina moja linajulikana la aliyesimamia jiko: Doll, mpishi aliyeletwa Mount Vernon na Martha, mke wa Washington, mwaka 1759. Zilizikwa kabla ya vita vya uhuru, halafu hakuna aliyerudi kuzichukua.

Sasa kimiminika kimetolewa, chupa zinatunzwa, na matunda yako kwenye jokofu. Zaidi ya kokwa 50 za cheri zimehesabiwa. Wanasayansi wanazichunguza kujua ni aina gani ya cheri, na kama ipo hata moja inayoweza kuota.